Mfupa wa Ishango: umri wake ulijulikana namna gani?

Wengi wenu mliokimbia kutoka upande wa Beni na Lubero mnaijua Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edouard. Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba hapo akapata mfupa mdogo wenye alama nyingi zilizochongwa kwa safu tatu. Wataalamu wengi wanaona kwamba wazee wa kale walikuwa wanahesabu. Lakini walihesabu lini?

Miaka ileile, huko Chicago, Willard Libby alikuwa ameonyesha njia mpya ya kupima umri. Kila chenye uhai, mtu, samaki au mti, kinaingiza mwilini kaboni 14, ambayo inatoa mionzi. Kikifa, hakiingizi tena, na ile iliyobaki inapungua kwa mwendo usiobadilika: kila miaka 5,730 nusu yake inaisha. Ni kama gunia la maharagwe. Ukikuta nusu gunia, imepita miaka 5,730. Ukikuta robo, imepita 11,460.

Ishango walipima maganda ya konokono yaliyotoka katika udongo uleule wa mfupa. Hesabu ikatoa karibu miaka 21,000. De Heinzelin hakuiamini. Maji ya ziwa lililo karibu na volkano yanaweza kuwa na kaboni ya zamani sana, na konokono anajenga ganda lake kwa maji hayo, hivyo ganda linaonekana zee kuliko lilivyo. Akakadiria umri usiozidi miaka 11,000, na vitabu vingi vikafuata.

Katika miaka ya 1980 watafiti, kati yao Alison Brooks wa Marekani, walirudi Ishango wakapima upya. Jibu: zaidi ya miaka 20,000. Piramidi kubwa ya Misri ina kama 4,500 tu.

Leo mfupa wenyewe uko Brussels. Lakini umri wake ulitoka katika udongo wetu, kwa vitu vilivyolala pamoja nao. Kwa hiyo, anayelima au kuchimba choo kambini akikuta jiwe lililochongwa au mfupa wa ajabu, asiung'oe wala kuuza. Aache mahali pake, amwite chifu au mwalimu. Kitu kikiisha kutolewa ardhini bila kuandikwa kilipokuwa, hakuna mashine itakayoweza kutueleza vizuri ni cha nani na cha lini.