Magofu ya Fountains

Msafiri atokaye York, katika Uingereza, akishika njia ya motokaa iendayo Ripon, hufikia bonde la mto Skell. Hapo yasimama magofu ya kanisa la Fountains: kuta ndefu za mawe na mnara, wala paa hapana.

Mwaka 1132 watawa 13 waliiacha nyumba yao ya York, kwa kuwa maisha ya humo yalikuwa yamelegea. Wakataka kumtumikia Mungu katika umaskini. Bonde hili lilikuwa pori. Wakalima, wakajenga, wakafuga kondoo. Sufu yao ikauzwa hata ng'ambo, na nyumba ya maskini ikawa miongoni mwa nyumba tajiri za watawa nchini.

Mali ile ikamvuta mfalme Henry wa Nane, aliyekwisha kujitenga na Papa. Mwaka 1539 nyumba ikafungwa, watawa wakatawanyika, risasi iliyoezeka paa ikavuliwa. Yaliyosalia yakaachiwa mvua.

Ndugu msomaji, aliyevua paa ni mfalme. Lakini je, kile walichokikimbia York hakikuwa kimekwisha kuwafuata bondeni, tena kwa mlango wa baraka? Nasi, kanisa letu likipata mashamba na fedha, tukumbuke bonde hilo.