Kalibu ya Vugiri na hadithi ya Milansi

Wanafunzi wangu hulalamika kwamba filamu na michezo ya video ya siku hizi imetoka katika kalibu moja. Shujaa hujulikana tangu dakika ya kwanza, msaliti hutambulika kwa mavazi yake, na mchezo wa kandanda wa mwaka huu hutofautiana na wa mwaka jana kwa jezi na majina ya wachezaji. Sibishani nao. Ninachopinga ni hayo maneno "siku hizi".

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt alianza kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Mradi ulipokoma mwaka 1937, filamu 35 zilikuwa zimetengenezwa na kuzungushwa kwa lori katika makoloni kadhaa. Zilihusu kodi, safura, akiba ya posta. Katika ile ya akiba, mtu mmoja anafukia fedha zake ardhini zinaibwa. Mwenzake anazipeleka benki anafanikiwa. Mwerevu na mpumbavu, basi. Mwaka 1939 William Sellers alikabidhiwa kitengo cha filamu cha makoloni yote ya Uingereza, akaifanya kalibu hiyo kuwa nadharia: Mwafrika, aliamini, hawezi kufuata picha iendayo kasi. Hata Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, alipoigiza katika Muhogo Mchungu mwaka 1952, alikuwa ndani ya kazi za serikali ya kikoloni.

Soko nalo lilileta kalibu yake. Baada ya Girlfriend ya mwaka 2003, wasambazaji wa Kariakoo walizoea kuikata hadithi moja sehemu mbili, kwa kuwa diski mbili huuzwa mara mbili. Ule urefu wa kuchosha tuliowalaumu nao waigizaji ulikuwa, kwa sehemu kubwa, hesabu ya duka.

Je, kujua mwisho ndiko kunakochosha? Ufipa inanifanya nisite. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti huku kati ya mwaka 1962 na 1964, alichapisha mwaka 1978 kitabu cha sanaa simulizi ya Wafipa ambacho jina lake ni maneno tu ya kufungulia hadithi. Simulizi maarufu kuliko zote, ya wanawake watatu wa Kitwa waliofika Milansi wakitoka mbali na kuutwaa utawala wakati mtemi hayupo, kila msikilizaji anaujua mwisho wake. Hata hivyo ilisimuliwa kwa sura nyingi. Nani alikosea, mgeni au mwenyeji? Mtemi alinyang'anywa au alikubaliana? Msimulizi aliamua, na wasikilizaji waliokaa mbele yake waliweza kumkatiza.

Ndiyo maana nawaheshimu wafasiri wa filamu kama Derek Mukandala, yaani Lufufu, ambao sauti zao zilitawala vibanda vya video nilipokuwa kijana. Filamu ilitoka ng'ambo ikiwa imekamilika. Wao waliifungua upya kwa Kiswahili, wakamkejeli shujaa, wakaongeza yasiyokuwamo. (Maprofesa wangu waliuita uharibifu.) Mchezo wa video una vitufe vingi, lakini hauna nafasi ya namna hiyo: unachagua kati ya njia ambazo mtu mwingine alikwisha kuzichora.

Ndugu mtumishi wa umma, nawe mwanaharakati, kalibu ya Vugiri iko mezani kwenu pia. Hivi karibuni niliombwa kupitia mswada wa filamu fupi ya kuwahamasisha wakulima wa mahindi wa Ufipa watunze rutuba. Majirani wawili: mmoja anamsikiliza mtaalamu, mwingine anakunywa pombe. Hakuna popote palipotajwa intumba, yale matuta ambamo Wafipa hufukia majani yaoze yawe mbolea, utaalamu uliokuwapo kabla ya Mzungu kukanyaga nyanda hizi. Niliandika pembeni kwamba yule mlevi apewe bibi anayelima kwa intumba, na bibi huyo ambishie mtaalamu mbele ya kijiji, bila mwandishi kuamua mapema nani atashinda.

Mswada umerudi. Bibi ameongezwa. Anaonekana mara mbili akitikisa kichwa kukubali, na hana sentensi hata moja.