Zuhudi na Jahazi: Njia ya Alawiyya katika Pwani ya Afrika Mashariki

Zuhudi, yaani hali ya moyo kutoshikamana na mali wala cheo, ilienezwa katika pwani ya Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa na watu ambao wenyewe waliishi kwa biashara ya baharini. Miongoni mwao walikuwamo masharifu wa Hadhramaut waliofuata tarika ya Alawiyya, ambayo asili yake hurudishwa kwa Muhammad bin Ali wa Tarim, maarufu kwa lakabu ya al-Faqih al-Muqaddam, aliyefariki mwaka 1255. Inasimuliwa kwamba aliuvunja upanga wake kuwa ishara ya kuachana na silaha; hata hivyo kizazi chake hakikuacha kuoa, kulima mitende wala kusafiri.

Namna njia hiyo ilivyokaa pamoja na shughuli za dunia huonekana vyema katika Ratib al-Haddad, uradi (mfululizo wa dhikri na dua zenye mpangilio maalumu) uliotungwa mwaka 1661 na Abdallah bin Alawi al-Haddad. Uradi huo husomwa kwa muda mfupi, aghalabu baada ya sala ya isha, wakati maduka yamekwisha fungwa, hivyo mwenye duka hakulazimika kuingia khalwa, yaani kujitenga na watu kwa siku nyingi, ndipo ahesabiwe kuwa mwanatarika. Pengine wepesi huo uliieneza Alawiyya kuliko karama zote zinazosimuliwa.

Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alifanya kazi ya unahodha na biashara ujanani mwake, akifuata misimu ya kaskazi na kusi, kisha akawa kadhi Zanzibar. Wanazuoni wengi tangu zamani waliuhofu ukadhi kuliko biashara, kwa kuwa kadhi hubeba haki za watu huku akikaa karibu na mtawala. Alipohitilafiana na Sultani Barghash aliuacha wadhifa huo, akaenda Istanbul mwaka 1885 kwa Fadhl Pasha, Mualawi mwenzake aliyekuwa na nafasi katika kasri la Sultani Abdulhamid. Kwa maneno mengine, alimkimbia sultani mmoja akafikia kwenye baraza la mwingine. Aliporejea mwaka 1888, Barghash akiwa amekwisha fariki, aliupokea tena ukadhi, na alipofariki mwaka 1925 alikuwa ameutumikia kwa miongo kadhaa. Historia ya usufi wa pwani inayowatazama waliojitenga peke yao huwaacha nje watu wa aina yake, ilhali hao ndio walioijenga Alawiyya ya Zanzibar.