Fidia ya Shamba Imetoka Mbali

Ndugu mkulima, Serikali ikitwaa shamba lako ipitishe barabara, utalipwa nini? Hapa Tanzania, Sheria ya Kutwaa Ardhi ya mwaka 1967 haikulipa fidia kwa ardhi tupu. Shamba lisiloendelezwa vya kutosha lililipiwa nyumba na miti iliyomo tu, basi. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na jasho la kufyeka pori nalo hulipwa. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zikataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati, pamoja na thamani ya ardhi yenyewe. Kwa hiyo ndugu, siku ya mthamini uwepo shambani. Hesabuni miti pamoja, na karatasi usiyoielewa usiitie sahihi.