Nimekwenda Ulaya kwa basi

Ndugu zangu, msianze kuulizia zawadi. Ulaya niliyokwenda mimi haihitaji viza. Ni kata ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, kwenye njia ya kutoka Kilosa mjini kwenda Mikumi. Na kwa taarifa yenu, maneno Ulaya na wilaya yametoka shina moja la Kiarabu. Kwa hiyo ukisema Ulaya iko wilayani, hujakosea sana.

Safari yangu ilikuwa ya kwenda milimani. Kutoka Ulaya nikafika Mikumi. Hifadhi yake ilitangazwa mwaka 1964, na wengi wetu tumeiona kupitia dirisha la basi la Mbeya au Iringa, maana barabara kuu inakatiza katikati yake. Mimi nikashika njia ya kusini, nikapita Kidatu na mashamba ya miwa, hadi Mang'ula, lilipo lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa.

Hii ni hifadhi ya kutembea kwa miguu. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,990, na mtalii haingii msituni na gari. Njia inayopendwa zaidi inakupandisha hadi maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170 hivi. Utatoka jasho, lakini ukifika juu bonde lote la Kilombero liko chini yako, na miwa kama zulia.

Wanasayansi wamekuwa wakishangazwa na milima hii kwa miaka mingi. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walimtambulisha kwa dunia kima wa Sanje, nyani mdogo asiyepatikana popote nje ya Udzungwa. Mwaka 1991 watafiti wengine waliona miguu ya ajabu ndani ya chungu cha mboga kambini. Alikuwa kwale ambaye sayansi haikuwa inamjua. Waliompika walikuwa wanamjua vizuri tu! Ndiyo maana neno "kugunduliwa" hunichekesha kidogo.

Mwaka uliofuata, 1992, serikali iliunganisha misitu iliyokuwa ikihifadhiwa tangu zamani na kuifanya hifadhi ya taifa. Sababu zilikuwepo. Mashamba ya sukari yalianza bondeni miaka ya 1960, reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975, na Wachina wakaweka karakana hapo hapo Mang'ula. Watu wakaja kutafuta kazi, wakabaki, wakalima. Misitu ya bondeni ikaisha. Kuni zikabaki mlimani, ndani ya mpaka.

Kwa miaka mingi akina mama wa vijiji vya jirani waliruhusiwa kuingia siku maalumu za wiki kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafutwa. Hifadhi ilikuwa na hoja: kila anayeingia kuokota anaacha njia, na si wote wanaookota kikavu tu. Lakini chungu cha jioni hakisubiri mche upandwe ukue.

Hapo ndipo nikaikumbuka Ulaya ile nyingine. Uswisi ina hifadhi ya taifa kwenye milima ya Alps, ilianzishwa 1914, na ni kali kuliko yetu: huruhusiwi kutoka njiani, hulishi ng'ombe, huokoti hata ua. Lakini ilianzaje? Mwaka 1909 wahifadhi walikwenda kwa wanakijiji wa Zernez wakapanga bonde lao, kama wewe unavyopanga chumba Sinza. Hadi leo ardhi ni mali ya vijiji, na serikali inalipa kodi ya pango. Mwaka 2000 uwanda wa Macun, wenye maziwa zaidi ya 20, uliongezwa kwa ridhaa ya kijiji chake. Mwaka huo huo hifadhi ilitaka kujitanua zaidi, wapiga kura wa Zernez wakasema hapana. Ikawa hapana.

Sisemi Waswisi ni malaika, wala sisemi msitu wa Udzungwa ufunguliwe. Maji ya Sanje yanatoka kwenye msitu huo, na msitu ukiisha mama wa Mang'ula ndiye wa kwanza kuumia. Ninachosema ni kwamba kuna tofauti kati ya mwenye nyumba na jirani aliyekatazwa kupita uani. Wa kwanza analinda kwa sababu ni chake. Wa pili analinda kwa sababu kuna askari.

Tumesifiwa kwa hifadhi zetu, na tunastahili sifa. Lakini kima kahesabiwa, kwale kapewa jina la Kilatini. Yule mama wa kuni, tulimuuliza lini?