Deni la Taifa: Nani Anadai, na kwa Nguvu Gani?

Wataalamu wa uchumi wa kibepari hupenda kutueleza kwamba deni la taifa ni jambo la hesabu tu. Nchi ikikopa kupita kiasi, wenye mitaji huogopa, na viongozi hawana budi kufunga mikanda. Historia haikubaliani na maelezo hayo. Tuzitazame kwanza nchi mbili za karne ya 19, Uingereza na Misri.

Vita vya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815, serikali ya Uingereza ilikuwa inadaiwa kiasi cha paundi milioni 800, karibu mara mbili ya pato la taifa kwa mwaka. Je, watawala walihangaika? Mwaka 1816 Bunge lilifuta kodi ya mapato, kodi iliyowagusa matajiri! Riba ikaendelea kulipwa kwa ushuru wa bia, chai, sukari, sabuni na mishumaa, yaani vitu vya mtu wa kawaida. Waliokuwa wakiidai serikali ni makabaila, wafanyabiashara na wenye mabenki wa nchi hiyohiyo, na watu wa matabaka hayo ndio waliojaa Bungeni. Walijidai wenyewe, wakalipwa na wavujajasho. Deni la namna hiyo halimnyimi mtawala usingizi.

Misri mambo yalikuwa mengine. Ismail alipotwaa utawala mwaka 1863, deni la nje lilikuwa kiasi cha paundi milioni 3. Vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani vilikuwa vimepandisha bei ya pamba, na mabenki ya Ulaya yakaona Misri ni mteja mzuri. Vita vilikwisha mwaka 1865, bei ikaanguka, lakini mikopo ikaendelea: ya reli, ya mifereji, ya majumba ya fahari. Hatumtetei Ismail, kwani anasa zake zinajulikana. Lakini hebu tuutazame mkopo wa mwaka 1873. Misri ilitia sahihi kwamba inadaiwa paundi milioni 32; ilichopokea ni kama milioni 20, tena sehemu kubwa haikuwa fedha taslimu bali hati za deni la Misri yenyewe! Mkulima wa bonde la Nile, falahi, ndiye aliyetozwa kodi ya kulipia milioni hizo 32, mara nyingi kwa mjeledi wa ngozi ya kiboko.

Mwaka 1875 Ismail aliiuzia serikali ya Uingereza hisa za Misri katika Mfereji wa Suez kwa paundi milioni 4. Haikusaidia. Mwaka 1876, deni likiwa limekaribia paundi milioni 90, wadai waliunda Hazina ya Deni yenye makamishna wa Kizungu, ili mapato yapite mikononi mwao kwanza. Mwaka 1878 Mwingereza akawa waziri wa fedha, na Mfaransa waziri wa ujenzi. Ismail alipowafukuza, Uingereza na Ufaransa zilimshinikiza Sultani wa Uturuki, naye akamwondoa mwezi Juni 1879. Wananchi na askari chini ya Kanali Ahmad Urabi walipodai mwaka 1882 kwamba baraza lao lijadili angalau ile sehemu ya bajeti isiyokwenda kwa wadai, jibu lilikuwa mizinga. Tarehe 11 Julai 1882 manowari za Uingereza ziliupiga mji wa Alexandria, na mwezi Septemba nchi nzima ikakaliwa. Waziri Mkuu Gladstone, ambaye vitabu vingi humsifu kwa uadilifu, mwenyewe alikuwa ameweka sehemu kubwa ya mali yake katika hati za mkopo uliodhaminiwa kwa mapato ya Misri. Hazina ya Deni haikuvunjwa mpaka mwaka 1940.

Kwa hiyo mwenye mtaji haulizi deni ni kubwa kiasi gani. Huuliza kama analo jeshi, au mahakama, au benki ya kumkamua mdaiwa. Katika karne ya 20 manowari hazikuhitajika sana, kwa sababu deni lilihesabiwa kwa dola. Marekani hudaiwa dola, na dola huchapwa na Marekani. Chini ya Rais Reagan, kuanzia mwaka 1981 hadi 1989, deni la serikali yake lilipanda kutoka chini ya dola trilioni 1 hadi zaidi ya trilioni 2.5, na wenye mitaji wa dunia wakazidi kununua hati zake. Meksiko, iliyodaiwa dola isizoweza kuzichapa, ilitangaza Agosti 1982 kwamba imeshindwa kulipa, baada ya riba za Marekani kupandishwa hadi karibu asilimia 20.

Sisi Tanzania tulikutana na jambo hilo mwaka 1979, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka tushushe thamani ya shilingi na kupunguza matumizi; Mwalimu Nyerere alikataa. Mkataba ulitiwa sahihi mwaka 1986, na dola moja, iliyokuwa kiasi cha shilingi 17, ikawa shilingi 40. Mwaka huohuo nakisi ya bajeti ya Marekani ilizidi dola bilioni 200. Makao makuu ya Shirika hilo yako Washington, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Ikulu ya Marekani.