Wakili wa miliki bunifu: ni nani, na kwa nini sisi Wapwani tunamhitaji

Miaka michache iliyopita mamangu mdogo aliletewa barua dukani kwake hapa Mombasa. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akiuza achari za maembe na ndimu kwa jina la marehemu bibi yetu. Barua hiyo, ya Kiingereza kizito, ilimtaka aache kulitumia jina hilo mara moja kwa kuwa lilikuwa limesajiliwa na mfanyabiashara mwengine. Mfanyabiashara mwenyewe alikuwa mteja wake wa miaka, akimnunulia kwa jumla. Mamangu mdogo alinipigia simu akilia. "Mwanangu, yawaje mtu anipokonye jina la mama yangu?"

Mimi nina diploma ya biashara tu, jibu sikuwa nalo. Wakili wa kwanza tuliyemwendea alituambia kweli, kwamba yeye hufanya kesi za ardhi na mirathi. Akatuelekeza kwa mwenzake, wakili wa miliki bunifu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kujua kuwa kuna kazi kama hiyo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza na kusoma. Haya ndiyo niliyoyakusanya.

Analinda kitu gani?

Miliki bunifu ni mali itokayo kichwani mwa mtu: jina la bidhaa, wimbo, kitabu, mchoro, chombo kipya. Haishikiki kama shamba, lakini sheria inaitambua. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 40, inaitaka serikali iiunge mkono, iikuze na kuilinda mali hii. Matawi yake makubwa ni haya:

Hakimiliki hulinda mashairi, nyimbo, vitabu, michoro na programu za kompyuta. Haki huanza pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa, na hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hivyo warithi nao wana fungu. Msimamizi ni KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Alama ya biashara ni jina au nembo inayotofautisha bidhaa yako na ya jirani. Husajiliwa KIPI kwa miaka 10, na waweza kuihuisha kila baada ya miaka 10 bila kikomo.

Hataza hulinda uvumbuzi mpya kwa miaka 20 tangu siku ya ombi. Umbo la bidhaa, kama vile nakshi ya kiti, husajiliwa kwa miaka 5 na huongezwa mara mbili hadi kufika 15. Haya pia ni ya KIPI.

Siku yake huendaje?

Wengi hudhani wakili huyu yuko mahakamani kila asubuhi. Sivyo. Kazi yake kubwa iko mezani. Kabla mteja hajachapisha vibandiko, wakili hupekua daftari la alama kuona kama jina limeshachukuliwa. Huandika maombi, hujibu maswali ya wakaguzi wa KIPI, na hutunga mikataba baina ya mwanamuziki na studio, au mwandishi na mchapishaji. Neno moja kwenye mkataba, kati ya "kuruhusu kutumia" na "kuhamisha haki zote", laweza kumwacha msanii mikono mitupu.

Pia husoma jarida ambamo maombi ya alama hutangazwa. Tangazo likitoka, mwenye pingamizi ana siku 60 kulipeleka. Mamangu mdogo hakujua hata kama jarida hilo lipo, na siku zake 60 zilipita akiwa jikoni akikatakata maembe.

Mzozo ukishindikana kumalizwa kwa barua, ndipo hufikishwa kwa msajili, kwa baraza la mali ya viwanda, au Mahakama Kuu.

Kijana afuate njia gani?

Kwanza ni shahada ya sheria, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 4. Kisha mafunzo ya uwakili katika Chuo cha Sheria cha Kenya kilichoko Karen, Nairobi, pamoja na mitihani yake, na miezi 6 ya kufanya kazi chini ya wakili mzoefu. Akifaulu, huapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lake kuingizwa katika orodha ya mawakili. Baada ya hapo lazima awe na cheti cha kila mwaka cha kufanyia kazi.

Kwa upande wa hataza, anayeandika maombi kwa niaba ya wateja huandikishwa KIPI kama wakala. Hapa mtu aliyesoma fizikia, kemia au uhandisi ana nafasi nzuri, kwani ni lazima auelewe uvumbuzi ndipo aueleze. Wazazi wenye watoto wa sayansi walizingatie hili.

Kikoi chetu kilivyonusurika

Mwenye kudhani haya ni mambo ya Nairobi pekee na akumbuke kisa cha kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno "kikoy" kuwa alama yake huko. Lau ingefaulu, Mkenya anayeuza vikoi Uingereza angeweza kuzuiwa kuviita kwa jina lake. Shirika la Traidcraft likasimama kupinga, likisaidiwa na mawakili waliojitolea bila malipo. Neno kikoi ni jina la kitambaa chenyewe, la kila afumaye na kila avaaye. Ombi lile halikufika mwisho.

"Hakuna matata" haikuwa na bahati hiyo. Disney iliomba kuisajili Marekani mwaka 1994 na ikapata usajili mwaka 2003, kwa mavazi. Hilo halituzuii kuisema, na usajili wa Marekani haufiki hapa, kwani alama hulindwa nchi kwa nchi. Lakini ni somo. Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa asilia na turathi za jamii, na kaunti zimepewa jukumu la kuweka daftari lake. Wachonga milango wa Lamu, washona kofia na wasuka mikeka wawaulize wawakilishi wao daftari hilo limefika wapi.

Wako wanaouliza kama dini inaitambua mali isiyoshikika. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikaa Kuwait Desemba 1988 na kuamua kuwa majina ya biashara, alama, utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, na haijuzu kuzivamia.

Kopo la biskuti

Narudi kwa mamangu mdogo. Wakili alimuuliza swali moja tu: "Mama, una karatasi gani?" Akaleta kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na vitabu vya risiti, vibali vya biashara na vibandiko vya zamani, vyote vimetangulia usajili wa yule bwana kwa miaka mingi. Sheria humlinda aliyetangulia kulitumia jina mfululizo. Barua zikaandikwa na vikao vikafanyika, na baada ya miezi minane yule bwana akakubali kuliondoa jina daftarini. Leo limesajiliwa kwa jina la mwenyewe.

Lakini pesa alizokuwa ameziweka za Umra zilimalizikia huko, na hadi leo hajaenda. Angelisajili jina mapema, angetumia sehemu ndogo tu ya pesa hizo.

Basi ndugu yangu mwenye duka, mshairi, mpishi au fundi: weka risiti zako, andika tarehe kwenye kazi zako, usitie sahihi mkataba usiouelewa, na jina lako lisajili mapema. Ukimtafuta wakili, muulize kwanza kama kazi hii ndiyo aifanyayo, na uhakikishe ana cheti cha mwaka huu. Wabillahi tawfiq.